Maswali yenu ya hela: Ile asilimia 5 namkata nani?

Toka toleo lililopita nilipogusia kodi ya zuio, ile mlipaji anayomkata anayelipwa na kuipeleka TRA, simu yangu haijapumzika, ujumbe unaingia mpaka usiku, na wengi mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti. Nimechagua barua chache, majina nimeyaacha nje maana mji huu mdogo, ukisema tu "mwenye Noah nyeupe pale Sakina" watu washajua ni nani.

Shikamoo dada. Nina kampuni ndogo ya safari hapa Arusha, magari matatu tu. Madereva sijawaajiri, nawalipa kwa tripu. Mpishi naye kwa tripu. Kuna chalii ananitengenezea websaiti na mwingine ananipigia picha za kuweka mtandaoni. Mhasibu mmoja kaniambia kata wote asilimia 5, peleka TRA, umemaliza. Mwingine akasema hao madereva ni waajiriwa wako hata kama hamna karatasi. Nishike la nani?
*Mwenye magari matatu, Sakina*

Marahaba mdogo wangu. Huyo wa kwanza kakurahisishia mambo kupita kiasi na ndo hapo wengi wanapoponzwa. Huyo wa pili yupo karibu zaidi na ukweli ila naye kakuacha njiani.

Tuanze na walio rahisi. Chalii wa websaiti na wa picha hao ni watu wa biashara zao, wana kompyuta zao na kamera zao, leo wanakufanyia wewe kesho wanamfanyia jirani yako, ukimwambia njoo saa mbili asubuhi anaweza akakujibu leo nipo Karatu nitakuja Ijumaa na huna la kumfanya. Hao unawakata asilimia 5 ya malipo ya huduma. Mmekubaliana milioni 2 ya websaiti, unakata laki moja, unampa milioni moja na laki tisa, ile laki unaipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa hiyo umemlipa tarehe yoyote ya mwezi wa nane, mwisho wako ni tarehe 7 mwezi wa tisa. Unaingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi, unatoa kontrol namba, unalipa benki au kwa simu, halafu (na hapa ndo wengi mnalala) unampa yule chalii cheti chake cha kodi ya zuio. Hiyo laki ni hela yake, wewe umeishika njiani tu.

Na kama anatoza VAT, hiyo asilimia 5 unaipiga kwenye bei kabla ya VAT, usije ukamkata mpaka kwenye hela ya serikali.

Sasa madereva. Nikuulize maswali na ujijibu mwenyewe kimoyomoyo. Gari ni la nani? Lako. Sare ina nembo ya nani? Yako. Ratiba ya safari, hoteli ya kulala, saa ya kuingia geti la Ngorongoro, nani anapanga? Wewe. Dereva akiumwa anaweza kumtuma binamu yake aende badala yake bila kukuuliza? Thubutu. Na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi huyo dereva anaendesha kwa mtu mwingine yeyote zaidi yako? Kama majibu ni hayo, basi kumwita "wa tripu" hakumgeuzi kuwa mkandarasi.

Ipo Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, yenyewe imeshaweka hizo dalili wazi: kama mtu anafanya kazi chini ya maelekezo yako, kama saa zake unazipanga wewe, kama vitendea kazi ni vyako, kama anakutegemea wewe kwa riziki, kama amekufanyia wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, basi inachukuliwa ni mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Na dalili moja tu ikiwepo inatosha kuanza nayo. Saa 45 kwa mwezi mdogo wangu, dereva wa safari anazimaliza kwenye tripu moja ya siku tano ya Tarangire na Serengeti, hata hajarudi mjini. Hiyo ni sheria ya kazi, mtu wa kodi naye ana macho yake, lakini vitu wanavyoviangalia vinafanana sana.

Mwajiriwa hakatwi asilimia 5, anakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Na hapa naomba utulie maana watu wakisikia PAYE wanakimbia kama wameona nyati. Tuchukue dereva anayepata 600,000 kwa mwezi. Ukimkata ile asilimia 5 unamchukulia 30,000. Ukimweka kwenye ajira unatoa kwanza NSSF yake asilimia 10, yaani 60,000, inabaki 540,000. Hapo 270,000 ya kwanza haina kodi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8 ambayo ni 20,000, na ile 20,000 iliyozidi inapigwa asilimia 20 ambayo ni 4,000. Jumla 24,000. Umeona? Kodi imekuwa ndogo kuliko ile asilimia 5, na dereva ana akiba NSSF. Anayeumia kidogo ni wewe, maana na wewe unaongeza asilimia 10 yako NSSF na mchango wa WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, hilo sikufichi. Ile SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, usiwe na wasiwasi nayo, inaanza ukifika wafanyakazi 10.

Mpishi itategemea. Kama ni yule anayezunguka kampuni nne na masufuria yake na msaidizi wake anamlipa mwenyewe, huyo ni mfanyabiashara mwenzako. Kama ni wako kila tripu na jiko ni lako, mweke na madereva. Na kama una mtu anapandisha wageni Machame au Marangu ukaanza kuajiri wagumu wa kubeba mizigo, usinidanganye kwamba kila mgumu ni kampuni inayojitegemea.

Aprili na Mei masika ikiwa imepiga na magari yamelala, hiyo ndo miezi ya kukaa na madereva wako chini ya mti mkapange upya, sio Julai wageni wako KIA wanasubiri.

Mimi ni mama mwenye gesti ya vyumba tisa Majengo, Moshi. Nilimleta fundi bomba, tukakubaliana laki tano ya kazi. Siku ya kumlipa nikamwambia nakukata elfu ishirini na tano ya TRA. Alipandisha sauti mbele ya wageni, anasema "mama hiyo TRA ni yako sio yangu". Nikaona aibu nikampa yote. Nimekosea? Na mwenyewe hana hata TIN, namba ya mlipakodi.
*Mama wa gesti, Moshi*

Pole mama. Umekosea ndiyo, ila sikulaumu maana na mimi nilishalikanyaga hilo hilo. Mwaka wangu wa kwanza wa ofisi nililipa fundi rangi milioni moja na nusu, mkononi, bila kukata shilingi, nikiona nimeokoa muda. Walipokuja kukagua waliikuta kwenye daftari langu mwenyewe nilivyoiandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikalipa 75,000 mfukoni mwangu na riba juu yake. Fundi alikuwa ameshahamia Babati, namba haipatikani. Sheria iko hivyo: usipokata, kodi inakugeukia wewe uliyelipa, inahesabiwa kama vile ulikata. Unaruhusiwa kumdai fundi baadaye, lakini wewe mama unamjua fundi gani anayedaika?

Kosa lenyewe hata hivyo lilianza siku mlipopatana bei. Fundi akisema laki tano kichwani kwake ni laki tano mkononi, na wewe kichwani kwako ni laki tano kabla ya makato, mmeshikana mikono kila mtu ana bei yake. Elfu 25 siku ya malipo kwake ni wizi. Siku ya kupatana angeguna tu akakubali, au angeongeza bei mkaelewana.

Kwa hiyo safari nyingine mwambie kabla hajafungua hata begi la spana: "Fundi, hii ni biashara, nakata asilimia 5, nakupa na cheti." Akikomaa anataka laki tano kamili mkononi, basi ujue bei halisi ya kazi hiyo ni 526,316, maana ukiikata asilimia 5 inatoka 26,316 na yeye anabaki na laki tano yake. Watu wengi hapa wanakosea, wanachukua asilimia 5 ya laki tano wanapeleka 25,000 wakidhani wamemaliza. Hela yote uliyomgharamia ndo malipo, na asilimia inapigwa humo. Halafu amua mwenyewe kama kazi ina thamani ya 526,316 au umwite fundi mwingine, pale Mbuyuni hawakosekani.

Kitu kingine mama, bomba na koki usimpe fundi hela akanunue. Nenda dukani mwenyewe, chukua risiti ya EFD, ile ya mashine, kwa jina la gesti yako, fundi mlipe ufundi peke yake. Kwanza kodi ya zuio inaangukia kwenye ufundi tu na ugomvi unapungua, pili una risiti ya vifaa, maana matumizi yasiyo na risiti siku ya ukaguzi yanakataliwa na faida yako inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Tatu, naomba mafundi mnisamehe, ile koki ya elfu 18 haitageuka kuwa ya elfu 30 njiani.

Na kuhusu TIN, haiuzwi. Ni bure, anatumia namba yake ya NIDA. Kama fundi anataka kazi za gesti na mashule na lodge, bila TIN ataishia kuziba mabomba ya majirani. Mwambie taratibu, sio mbele ya wageni.

Mambo dada. Tuna send-off ya mdogo wetu mwezi ujao Njiro, kamati imenipa kazi ya kulipa MC, DJ na mpambaji. Nimesoma toleo lililopita nikaogopa. Na mimi niwakate?
*Mweka hazina wa kamati*

Hapana, kula pilau kwa amani. Mtu binafsi anayelipa kwa mambo yake ya nyumbani, sio kwa biashara, hakati hiyo asilimia 5. Vivyo hivyo kwa yule aliyeniuliza anajenga nyumba yake ya kuishi Usa River, mafundi wa nyumba yako walipe kama mlivyopatana. Ila huyo huyo MC akiitwa na kampuni kwenye sherehe ya kufunga mwaka, kampuni inamkata. Kazi ya MC haijabadilika, aliyebadilika ni mlipaji. Kusanyeni michango mapema tu, hiyo ndo kodi ngumu zaidi.

Dada habari. Mimi ni mpiga picha, nafanya kazi na kampuni za utalii na lodge. Mwaka mzima kampuni moja wamenikata asilimia 5 kila malipo, nikijumlisha inafika laki nne. Nikiwaomba cheti wanasema mhasibu yupo likizo. Mhasibu gani yupo likizo miezi saba? Hiyo hela inanisaidia nini mimi?
*Mpiga picha, Kaloleni*

Kaka, umenichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Laki nne kwa asilimia 5 maana yake wamekulipa kazi za milioni 8. Hiyo laki nne ni kodi ya mapato ambayo wewe umeshailipa mapema kupitia mkono wao. Hesabu ya kodi yako ya mwaka ikishapigwa, laki nne inatolewa humo. Kodi yako ikitoka laki sita, unadaiwa laki mbili tu. Watu wanaodhani ile asilimia 5 imeenda na maji ndo hao wanaolipa kodi mara mbili, mara moja kwa kukatwa na mara ya pili kwa kutojua.

Lakini bila cheti utamwonyesha nani? Kwa hiyo acha kuomba kwa WhatsApp na vibonzo vya kucheka. Andika barua fupi, orodhesha tarehe, ankara na kiasi walichokata kila mara, ambatanisha taarifa ya benki au ya M-Pesa inayoonyesha ulipokea pungufu, peleka ofisini kwao, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kutoa cheti ni wajibu wao kisheria, sio hisani. Siku hiyo hiyo pita TRA na TIN yako uulize kama kuna kodi ya zuio iliyoingia kwa jina lako kutoka kwao. Mara nyingi utakuta moja kati ya mawili: hela imelipwa lakini wameandika TIN yenye tarakimu iliyokosewa, hilo linarekebishika, au haijapelekwa kabisa, na hapo wao ndo wenye kesi. Mhasibu atarudi likizo haraka sana, utaona.

Kuanzia sasa andika kwenye kila ankara yako mstari mmoja chini: bei, makato ya asilimia 5, kiasi cha kupokea, na TIN yako. Ukiandika mwenyewe kabla hawajakata, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Halafu umesema kwenye barua yako (nimepunguza) kwamba una chaneli ya video unalipwa na lodge kuweka maudhui yao. Hiyo nayo tangu Julai 2024 imewekewa asilimia 5 yake kwa watengeneza maudhui ya mtandaoni, usije ukashangaa.

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Rau, Moshi, nimesomea uhasibu. Kaka yangu yupo Minnesota, ana kampuni ndogo ya usafi wa maofisi, mimi ndo namtunzia vitabu kwa kompyuta huku nyumbani, ananilipa dola 300 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza mwaka huu tulikimbizana na fomu za watu aliowalipa mpaka nililia. Mwakani sitaki hivyo. Nani anaandikiwa fomu, nani haandikiwi? Na mimi mwenyewe je?
*Mtunza vitabu wa kaka*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeipenda maana watu wanadhani haya mambo ni ya TRA peke yake, kumbe kule kwa Trump ni yale yale yamevaa koti lingine. Tofauti kubwa ni kwamba huku mlipaji anakata hela, kule kwa kawaida hakati, ila anaripoti. Anamwambia IRS, ambao ndo TRA wao, "nilimlipa fulani kiasi hiki", na fulani mwenyewe atalipa kodi yake. Fomu hiyo inaitwa 1099-NEC. Moja inaenda kwa aliyelipwa na nyingine IRS, zote mwisho tarehe 31 Januari. Ndo maana mlilia Januari.

Kilichobadilika ambacho lazima ukijue: malipo ya mwaka 2025 yalikuwa yanaripotiwa kuanzia dola 600 kwa mtu kwa mwaka. Malipo ya 2026 kiwango kimepanda mpaka dola 2,000. Kwa hiyo yule msafishaji wa dola 1,450 kwa mwaka uliyemtaja kwenye barua (nimepunguza), kwa mwaka 2025 ilibidi apate fomu, akilipwa kiasi kile kile 2026 hapati. Yeye mwenyewe bado anatakiwa kuitangaza hiyo hela, kiwango ni cha mlipaji kuripoti, hakijafuta kodi ya mtu.

Kilichowaliza ni W-9. Hiyo ni fomu mkandarasi wa kule anaijaza kumpa kaka yako jina lake, anwani na namba yake ya kodi. Ninyi mliitafuta Januari wakati watu washaondoka kwenda Texas. Mwambie kaka sheria ya nyumbani iwe hivi: hakuna W-9, hakuna malipo ya kwanza. Mtu akiwa anasubiri hela anajaza fomu dakika tano. Asipotoa namba yake, kaka anatakiwa kumkata asilimia 24 na kupeleka, na hapo kule nako mlipaji anageuka mkataji kama sisi.

W-9 hiyo hiyo inakuonyesha nani haandikiwi. Aliyeweka alama kwamba ni kampuni inayotozwa kodi kama koporesheni, kwa kawaida humwandikii, isipokuwa mawakili, hao wana mambo yao. Mtu binafsi au ubia unamwandikia. Neno LLC, aina ya kampuni ya kule, peke yake lisikudanganye, angalia alama aliyoweka. Halafu angalia njia ya malipo: uliyemlipa kwa kadi unamwacha, kampuni ya kadi inaripoti yenyewe kwa fomu nyingine. Uliyemlipa kwa Zelle (njia yao ya kutumiana hela benki kwa benki), hundi au keshi ni wa kwako, Zelle haimripoti mtu. Na fomu zenu zikifika 10 kwa jumla, pamoja na zile za mishahara, lazima zipelekwe kwa mtandao. IRS wana mfumo wao wa bure wa kuzipeleka, usimruhusu kaka alipie programu ya bei mbaya.

Ila kabla ya yote rudi kasome jibu la mwenye magari matatu. Msafishaji anayekuja kila usiku saa aliyopangiwa na kaka, na mashine za kaka, kwenye maofisi ya kaka, kule nako wanauliza nani anaongoza kazi, na 1099 haimgeuzi mtu kuwa mkandarasi kama ni mfanyakazi. Hilo mwambie aongee na mhasibu wa kule kule, maana adhabu zao ni za dola.

Sasa wewe. Wewe sio raia wala mkazi wa Marekani na kazi unaifanyia Rau, kwa hiyo hupati 1099 na hukatwi ile asilimia 30 wanayowakata wageni kwenye mapato yanayotokea kule, maana kipato cha huduma kinahesabiwa kimetokea pale kazi ilipofanyika. Unachotakiwa ni kumpa kaka fomu W-8BEN. Unajaza jina, nchi, anwani yako ya Moshi, na kwenye namba ya kodi ya nchi yako unaweka TIN yako ya Tanzania. Sehemu ya mkataba wa kodi unaiacha tupu, Tanzania na Marekani hawana mkataba huo. Ukisaini 2026 inakaa mpaka mwisho wa 2029. Kaka anaiweka kwenye faili lake, haipeleki IRS. Lakini siku akikutumia tiketi ukaenda kumtunzia vitabu ukiwa umekaa sebuleni kwake Minnesota, kipato cha siku hizo kimetokea kule na habari inabadilika, msifanye kimyakimya.

Na huku nyumbani usijisahau. Mkazi wa Tanzania anatozwa kwa kipato chake cha duniani kote, na kwa kuwa kaka hakukati chochote, hakuna atakayekulipia mapema. Dola 3,600 kwa mwaka sio hela ya vocha, andika kila inapoingia, na ukienda kukadiriwa itaje. Najua utasema ni hela ya kaka tu, ya familia. Kaka mwenyewe ameiandika kwenye vitabu vyake kama gharama ya kazi, na vitabu hivyo unavitunza wewe.

Dada, mawili ya haraka. Nimemleta mpiga video kutoka Nairobi kwa ajili ya lodge, namkata asilimia 5? Na mwenye fremu yangu ya ofisi pale karibu na Soko la Kilombero nikimwambia habari ya kukata kodi ananiambia nihame.
*Mwenye ofisi ya fremu*

Wa Nairobi sio mkazi wetu, kaja kufanya kazi hapa, huyo ni asilimia 15. Undugu wa Afrika Mashariki unaishia Namanga kwenye hili. Mwambie kabla hajapanda basi.

Wa fremu ni asilimia 10 ya kodi ya pango, maana umepangia biashara. Kama unalipa laki sita kwa mwezi na anataka miezi sita mbele, hiyo ni 3,600,000, unakata 360,000, anapokea 3,240,000 na cheti chake. Akisema hama, mwonyeshe karatasi ya malipo yenye TIN yake, mwambie hiyo 360,000 ni kodi yake yeye imelipwa tayari. Wenye fremu wengi wanaogopa tu kuonekana wana mapato. Na akikomaa kabisa, fanya ile hesabu ya mama wa gesti, gawa kwa 0.90: ili abaki na 3,600,000 pango lako halisi ni milioni 4. Ukishaiona namba hiyo ndo utajua kama fremu ile bado unaitaka.